Pampu yako haijafa: kwa wenye injini ndogo za petroli Nyanda za Juu Kusini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako, na tunaomba utuvumilie kwa urefu wa barua hii, maana jambo lenyewe lina vipimo ambavyo hatukutaka kuvikata.

Mvua zikishakatika, kuanzia Ilula mpaka Igurusi, kutoka Uyole kupanda Uporoto, na kwenye mashamba ya viazi ya Njombe, pampu za petroli hutolewa stoo. Zimekaa huko tangu Novemba au Desemba. Mwenye pampu anavuta kamba asubuhi nzima, mkono unakufa ganzi, injini haikohoi hata mara moja. Hapo hukumu inatoka: "Hii ya Kichina imeshakufa." Fundi wa kwanza anabadilisha plagi. Wa pili anasema tatizo ni kabureta, nunua nyingine. Wa tatu anasema nunua injini nzima. Wiki mbili zimepita, nyanya zimenyauka, na hela ya mbolea imeishia dukani.

Sisi ni mafundi wa injini ndogo hapa Mbeya, na tunasema wazi kwamba nyingi ya injini zinazohukumiwa hivyo ni nzima. Zinaumwa petroli iliyolala, oili iliyochoka na vumbi. La nne huku kwetu halitajwi kabisa dukani: mwinuko wa nchi yetu.

Tunazungumzia injini zenye ujazo wa sentimita za ujazo 163 mpaka 196, nguvu za farasi 5.5 mpaka 6.5, za aina ya Honda GX160 na GX200 pamoja na zote zilizoigwa humo. Ndizo zinazoendesha pampu za inchi 2 na 3, jenereta ndogo na mashine nyingi za kupukuchua mahindi. Majina kwenye tangi ni mengi, lakini ndani karibu zote zinafanana, na vipimo tunavyovitaja hapa vinazifaa nyingi. Kama injini yako ina kitabu chake, kifuate hicho kwanza.

Injini isipowaka, usianze na spana. Angalia koki ya petroli imefunguliwa, swichi imewashwa, na choki imefungwa ikiwa ni asubuhi ya baridi. Kisha angalia oili, na hapa wengi huteleza. Injini nyingi za aina hii zina kifaa cha usalama ndani ya krenkesi, yaani tumbo la injini linalokaa oili, kinachokata moto oili ikipungua. Mkulima wa Uporoto anaweka pampu kwenye mteremko, oili inakimbilia upande mmoja, kifaa kinaamini oili imekwisha, na injini inakataa kuwaka huku oili ipo. Chimba mahali padogo pa tambarare uiweke hapo. Hata isiyo na kifaa hicho haitakiwi kufanya kazi ikiwa imelala zaidi ya nyuzi 20, kwa sababu oili haitafika inakotakiwa.

Baada ya hapo fuata mpangilio mmoja bila kuruka: moto, petroli, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Fundi anayeanza na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kabla ya kuona moto wa plagi anabahatisha, na anabahatisha kwa hela yako.

Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye mwili wa injini mbali na tundu ilikotoka, maana kwenye tundu hilo hutoka mvuke wa petroli unaoweza kushika moto. Vuta kamba. Unatakiwa uone cheche ya bluu inayolia "tak". Kama ni nyekundu na dhaifu au haipo, pima nafasi ya meno ya plagi: milimita 0.7 mpaka 0.8. Jaribu na plagi nyingine unayoijua ni nzima. Bado? Chomoa waya mwembamba unaotoka kwenye kile kifaa cha oili, mara nyingi ni wa njano. Moto ukirudi, kosa ni oili kuwa chini au kifaa kuharibika. Rudisha waya, usiuache umening'inia msimu mzima, kwa maana siku oili itakapokwisha kweli hutakuwa na wa kukuamsha. Moto usiporudi, chomoa waya wa swichi unaokwenda kwenye koili, ile inayozalisha moto wa plagi. Moto ukirudi hapo, swichi ndiyo mbovu. Usiporudi bado, fungua kava ya feni uangalie koili na flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku. Sumaku za flaiwili zikishika kutu, zisugue kwa msasa laini. Nafasi kati ya koili na sumaku ni karibu milimita 0.4, kadi ngumu ya kawaida ukiipitisha katikati ukakaza boliti, unakuwa umekaribia sana.

Plagi yenyewe isome kabla hujaitupa. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyopauka, injini inakula vizuri. Nyeusi kavu kama masizi ya chungu, petroli inazidi hewa. Imelowa petroli, ama hakuna moto ama umevuta sana kamba na choki imefungwa. Imelowa oili, ringi za pistoni au valvu zinapitisha, au umejaza oili kupita kiasi. Nyeupe yenye vidonda, injini inachemka au hewa inazidi petroli, na hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Ukiirudisha, ifunge kwa vidole mpaka ikae, ndipo utumie spana: nusu mzunguko kwa plagi mpya, robo au chini ya robo kwa iliyokwisha kutumika. Mwili wa silinda ni alumini. Ukianza kwa spana, utakula nyuzi zake siku hiyohiyo.

Sasa petroli, na hapa ndipo penye wagonjwa wengi. Petroli ikilala kwenye kikombe cha kabureta, sehemu zake nyepesi huruka na kinachobaki huganda kuwa utomvu wa kahawia unaonata kama gundi na kunuka uchachu. Mwezi mmoja unatosha kuanza kuleta shida. Jeti ni kijimsumari chenye tundu kinachopima petroli inayoingia. Tundu la jeti kuu kwenye injini hizi ni takriban milimita 0.7, na la jeti ya slo, ya mwendo wa taratibu, ni dogo zaidi ya hapo. Fikiria utomvu wa miezi sita kwenye tundu la namna hiyo.

Kabla ya kufungua kabureta nzima, fungua koki, weka chombo chini, legeza boliti ya kutolea petroli iliyo ubavuni mwa kikombe kwa spana namba 10. Petroli itiririke mfululizo. Ikitoka kwa matone, mara nyingi kosa liko juu ya kabureta. Safisha kikombe cha takataka kilicho chini ya koki na chujio la ndani ya tangi. Ile uliyokinga ichungulie kwenye chupa nyeupe: maji hukaa chini kama tone la kioo linalotembea. Petroli ya kununua kwenye chupa barabarani ndiyo inayoleta maji na uchafu mara nyingi, kwa hiyo ichuje kwa kitambaa safi na mimina ukiacha petroli ya chini, kimo cha kidole, ndani ya chombo.

Kama petroli inashuka vizuri na moto upo lakini injini haiwaki, funga koki na ushushe kikombe. Kinashikiliwa na boliti moja ya namba 10 katikati chini. Tunza oringi yake, ikivutika haikai tena. Chomoa pini, toa floti (boya la ndani ya kikombe) na sindano yake. Ndani ya nguzo ya katikati kuna jeti kuu. Itoe kwa bisibisi bapa inayojaa mfereji wake sawasawa, vinginevyo utaichubua na haitatoka tena. Nyuma yake kuna nozeli ndefu yenye vitundu ubavuni. Hivyo vitundu wengi hawavisafishi kwa sababu hawajui kama nozeli inatoka. Ishike jeti uielekeze kwenye mwanga wa jua: lazima uone duara kamili, jeupe, lisilo na kingo za kahawia. Ukiona mwezi mchanga, bado haijasafishika. Iloweke kwenye petroli safi, izibue kwa unyuzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme, kisha pulizia kwa upepo. Sindano ya kushonea, waya wa breki ya baiskeli na ncha ya drili vikae mbali. Jeti ni laini, tundu likishapanuka halirudi, na kuanzia siku hiyo injini itakunywa petroli na kuchafua plagi mpaka ununue jeti nyingine.

Kuna dalili moja ambayo mkulima yeyote anaweza kuitambua kwa sikio. Injini imewaka, lakini inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama mtu anayepumua kwa shida. Funga choki nusu. Ikitulia, ujue petroli haitoshi: jeti imeziba nusu, au kuna hewa inapita pembeni kati ya kabureta na injini. Kaza nati mbili zinazoshika kabureta na angalia gasketi zake. Mpangilio ni gasketi, kizuizi cheusi cha joto, gasketi, kabureta. Gasketi za kukata kwenye boksi tumezikuta nyingi mno. Zinaweza kuishi siku chache, lakini mara nyingi huziba kitundu kidogo cha hewa ambacho kiwanda kilikiacha makusudi, na fundi anayefuata anahangaika wiki nzima kutafuta ugonjwa uliotengenezwa kwa mkasi.

Dalili nyingine: injini inafanya kazi robo saa, inakufa taratibu kama iliyoishiwa petroli, ukipumzika kidogo inawaka tena. Siku itakapofanya hivyo, legeza mfuniko wa tangi. Ukisikia inavuta pumzi, kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba kwa vumbi. Kisafishe, usitafute kingine. Kama sicho, pima moto wa plagi palepale injini ikiwa ya moto, kwa sababu koili zinazokufa huanza kufa zikishachemka.

Tufike kwenye mwinuko. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Njombe iko juu zaidi, na Uporoto inapita mita 2,000. Bonde la Usangu liko kidogo tu juu ya mita 1,000, na Kyela karibu 500. Hewa ya juu ni nyepesi, lakini kabureta hailijui hilo; inaendelea kumimina petroli ileile iliyopimiwa nchi za chini. Matokeo yake ni petroli kuzidi hewa: plagi inakuwa nyeusi, moshi mweusi unatoka ukiipa mzigo, injini inawaka kwa shida na tangi linakauka mapema. Honda wenyewe wanaandika kwenye vitabu vyao kwamba injini ikifanya kazi muda wote juu ya mita 1,500, kabureta irekebishwe kwa jeti ndogo, na kwamba hata baada ya hapo nguvu hupungua kwa takriban asilimia 3.5 kila unapopanda mita 300. Piga hesabu: injini ya nguvu za farasi 5.5 ikifika Mbeya inabaki na kama 4.4. Haijaibiwa nguvu na fundi wala haijachoka, ndivyo hewa ilivyo.

Kwa hiyo anayelima Uporoto au Njombe aulize jeti yenye namba ndogo kwa hatua moja au mbili kuliko ile iliyogongwa kwenye jeti yake. Namba ikiwa ndogo, tundu ni dogo. Plagi itamwambia kama amepatia: masizi yatapungua na rangi ya kahawia itaonekana. Lakini tunaonya kwa nguvu zote: injini iliyofungwa jeti ya mlimani ikikodishwa kwenda kwenye mpunga wa Mbarali au kushushwa Kyela, hewa itazidi petroli, itachemka, na pistoni inaweza kuharibika siku chache tu. Wanaokodisha pampu mlimani na bondeni wawe na jeti mbili na waibadilishe kila inapohama. Ni kazi ya dakika kumi na tano.

Mwinuko huohuo ndio unaowafanya watu wafungue injini nzima wakati shida iko kwenye maji. Pampu hainyonyi maji kwa nguvu zake. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma yapande kwenye mpira. Kila mita 1,000 za kupanda huondoa mita moja na ushei ya uwezo huo. Pampu iliyoandikwa inanyonya mita 8, ukiwa Mbeya usiitegemee zaidi ya 6, na ukienda Njombe punguza tena. Dawa ni kuishusha karibu na mto na kuiacha isukume, kwa sababu kusukuma inaweza kuliko kunyonya. Hakikisha klampu za mpira wa kunyonyea hazipitishi hewa, jaza maji kwenye pampu kabla ya kuwasha, na weka chekecheke kwenye mdomo wa mpira, iwe juu ya mchanga. Pampu ikizunguka kavu, sili yake inaungua ndani ya dakika chache, na utaona maji yanadondoka katikati ya pampu na injini.

Oili sasa. Tunaomba msomaji aelewe umbo la ndani ndipo ataelewa kwa nini tunapiga kelele. Konrodi ya injini hizi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu inayozunguka), ni ya alumini na inazunguka moja kwa moja juu ya krenki, haina beringi ya kubadilisha katikati. Hakuna pampu ya oili pia. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo kinachochota oili na kuirusha kila mahali. Oili ikishuka chini ya kijiko hicho, konrodi inakauka, inashika krenki, inakatika, na kipande chake kinatoboa ukuta wa injini. Huo ndio ule mlio mmoja wa "paa!" na shimo ubavuni. Hapo hatuna msaada tena.

Inayoingia ni lita 0.6, si lita moja. Chupa ya lita ukiimwaga yote, oili itapandia kwenye chujio la hewa na plagi, moshi mweupe utajaa shamba. Weka injini tambarare, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe bila kukizungusha kwenye nyuzi, kisha kitoe usome. Imejaa sawasawa ikiwa oili iko kwenye mdomo wa tundu la kumiminia. Kwa baridi ya Juni na Julai ya Makambako na Njombe tumia 10W-30. Oili nzito ya malori asubuhi inakuwa kama asali na kamba haivutiki. Kwa joto la Usangu mwezi wa Oktoba, SAE 30 inafaa, maana oili nyepesi huko huliwa haraka.

Injini mpya imwagwe oili yake ya kwanza baada ya saa 20 za kazi. Ukimwagilia saa sita kwa siku, hiyo ni siku ya nne, sio mwezi wa nne. Baada ya hapo kila saa 100, yaani kama siku kumi na saba kwa mwendo huohuo. Imwage injini ikiwa ya vuguvugu ili uchafu utoke nayo. Oili chafu usiitupe mfereji. Maji ya Usangu yanakwenda Ruaha Mkuu mpaka Mtera, na njiani yanakunywewa na watu na ng'ombe. Itie kwenye dumu, ipake kwenye nguzo za uzio.

Chujio la hewa linaua polepole, ndiyo maana halishtakiwi. Vumbi la barabara za Mbarali wakati wa kiangazi ni laini kama unga wa sembe. Likiingia kwenye silinda, linachanganyika na oili na kuwa msasa, na ndani ya msimu mmoja ringi zimekwisha. Sponji ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, isuuzwe, ikauke kabisa, ichovywe kwenye oili safi, ikamuliwe mpaka isidondoke. Chujio likiwa la karatasi, karatasi hiyo haioshwi wala haipakwi oili. Igongegonge taratibu au uipulize kutokea ndani kwa upepo mdogo. Kila saa 50, na mahali penye vumbi fanya kila baada ya siku mbili tatu. Anayetoa chujio "ili ipumue vizuri" anaiua kwa mkono wake. Tukiwa hapo, ondoa pia majani na udongo uliojaa kwenye mapezi ya silinda, ndiyo yanayotoa joto.

Kompresheni tunaiweka mwisho kwa sababu ndiyo yenye gharama. Kamba ikivutika laini kama haina kitu ndani, mimina oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi, vuta mara chache, kisha jaribu. Ikirudi kuwa ngumu, ringi zimelika. Isipobadilika, angalia valvu na gasketi ya silinda hedi. Kabla ya kufungua hedi pima nafasi za valvu, injini ikiwa ya baridi na pistoni juu kabisa, valvu zote mbili zimefunga: milimita 0.15 ya kuingiza, 0.20 ya kutoa. Nafasi ikikosekana valvu haifungi vizuri, gesi inapita, na injini inagoma ikishachemka. Ukikaza nati ya kufungia, pima tena, maana kule kukaza huondoa kipimo. Injini ngapi zimefunguliwa hedi bure wakati dawa ilikuwa ni kipande cha bati chenye unene wa milimita 0.15!

Kuna jambo moja tunaloliomba kwa dhati: acheni kufunga springi ya gavana kwa mpira wa baiskeli ili maji yaongezeke. Injini hizi mwisho wake ni mizunguko kama 3,600 kwa dakika. Gavana ndiye anayeizuia, na ukimfunga, siku mpira wa kunyonyea utakapoingiza hewa na mzigo ukaondoka ghafla, injini itazunguka mpaka ile konrodi ya alumini ikatike. Maji yakiwa machache, tafuta sababu kwenye kina, mipira na impela (gurudumu la ndani ya pampu linalosukuma maji) iliyolika kwa mchanga.

Wenye misumeno ya Mufindi na bomba za mgongoni tunawagusia tu: zile ni za oili ya kuchanganya, hazina oili nyingine ndani. 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, 25 kwa 1 ni mililita 40. Kipimo kimeandikwa kwenye mashine. Tumieni oili ya mashine za aina hiyo, pimeni kwa chupa yenye alama, msikadirie kwa kizibo.

Msimu ukiisha, fanya kazi ya nusu saa itakayokuokolea Juni. Ukiwa umefunga koki, iache injini iwake mpaka ife yenyewe. Fungua boliti ya kikombe utoe iliyobaki, mwaga na petroli ya tangi uitumie kwenye pikipiki. Badilisha oili. Toa plagi, tia kijiko cha chai cha oili safi, vuta kamba taratibu mara mbili tatu isambae, rudisha plagi. Mwisho vuta mpaka usikie kamba inakaza, uiachie hapo. Valvu zote zimefunga na unyevu wa masika hautaingia kwenye silinda. Ifunike kwa gunia, si nailoni, kwa sababu nailoni hutoa jasho.

Mhariri, ombi letu la mwisho ni kwa wauzaji. Injini mpya hutoka kiwandani ikiwa haina oili, na mara nyingi onyo pekee ni kikaratasi cha lugha ya kigeni kilichofungwa kwenye tangi, ambacho mteja anakichana akiwa bado stendi. Mkulima anafika shambani, anatia petroli, anavuta kamba, na ndani ya dakika kumi injini imenoki. Muuzaji anakataa kurudisha hela. Tunawaomba wenye maduka ya Mbeya, Iringa, Makambako na Njombe wafanye mambo matatu kabla pampu haijatoka mlangoni: wamimine lita 0.6 za oili mbele ya mteja, wamuulize shamba liko wapi na kama ni juu ya mita 1,500 wamfungie jeti inayofaa, na wampe karatasi moja ya Kiswahili yenye saa 20, saa 50 na saa 100. Na maafisa ugani, ambao tayari wanawafundisha wakulima nafasi za miche na vipimo vya mbolea, pamoja na vyuo vya VETA vya mikoa yetu, watenge siku moja ya vitendo kila Mei, wakulima waje na pampu zao zenyewe. Sisi tuko tayari kwenda na spana zetu.

Mafundi wa injini ndogo,
Mbeya